Mwongozo kwa Mwenye Kiwanda cha Chakula: Wakati wa Kuungana na Wakati wa Kungoja

Ukiwa na kinu cha kusaga nafaka, au kiwanda cha maziwa, au mtambo wa kukamua mafuta ya alizeti, na biashara yako ikakua hata ikaanza kuonekana kwa mbali, haitapita miaka mingi ila atakufikia mjumbe mwenye barua nzuri, akitaka ama kuinunua biashara hiyo, ama kuiunga na ya bwana wake, ama kukuuzia wewe ile iliyomshinda mwenyewe. Nimeuandika mwongozo huu ili siku hiyo ikifika uwe na swali la kuuliza kabla ya kuuliza bei, nalo ni hili: tuko katika wakati gani wa mzunguko wa biashara, na je, huyu aliyenijia ameletwa na nguvu zake au ameletwa na wakati?

Mzunguko wenyewe si jambo la siri. Biashara hupata nafuu, benki zikakopesha kwa moyo mkunjufu, wenye hisa wakaona mali zao zinapanda, wakaazima zaidi ili wapande nazo. Kisha mambo hufika kileleni, madeni yakazidi uwezo wa kulipa, wakopeshaji wakafumbata mikono, bei zikaanguka, viwanda vikapunguza zamu, hata baada ya muda nafuu ikaanza upya. Mabaharia wa pwani yetu waliijua kaskazi na kusi kwa hesabu ya siku, wakajua ni lini jahazi liondoke Maskati na ni lini lirejee. Walakini mzunguko wa biashara hauna hesabu ya namna hiyo, na yeyote akuambiaye kwamba mdororo utaanza mwezi fulani anakuuzia asichokuwa nacho. Kujua tarehe hakumkiniki. Linalomkinika ni kutambua dalili za wakati uliopo, na kuziweka akilini unapotia mkono wako katika akdi.

Biashara ya chakula ina tabia yake ya pekee, na asiyeifahamu atapotea. Mtu aliyepungukiwa na mshahara huahirisha kununua gari, huahirisha kujenga, walakini haahirishi kula. Hubadili tu anachokula na mahali anapokila, akaacha mkahawa akapika nyumbani, akaacha mafuta ya chupa akanunua ya kupimiwa. Kwa sababu hiyo mdororo hauyatikisi sana mauzo ya unga, sukari na mafuta, na wengi hudhani kwamba kampuni za chakula zimesalimika na mzunguko. Hazikusalimika. Mzunguko huzifikia kwa njia nyingine tatu, yaani riba ya mikopo, bei ya hisa, na bei ya mali ghafi kama ngano, mahindi, kakao na mawese. Na kwa kuwa muungano wa kampuni hulipiwa ama kwa mkopo ama kwa hisa, na thamani yake hupimwa kwa faida iliyotokana na bei ya mali ghafi, basi mzunguko huingia ndani kabisa ya muamala huo hata kama hakuna mlaji mmoja aliyepunguza tonge.

Tazama yaliyopita Marekani, kwani huko ndiko mambo haya yalikotokea kwa ukubwa na kuandikwa. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1893, kampuni za biskuti ziliendelea kupigana kwa kupunguza bei hata zikachoshana, na mwaka 1898, uchumi ulipoanza kuinuka na wenye fedha wakapata tena ujasiri, kampuni tatu kubwa zikaungana pamoja na viwanda vyao 114 vya kuoka, zikaunda National Biscuit Company. Ziliungana ili vita vya bei vikome. Miaka mitatu baadaye wakuu wake, katika taarifa yao kwa wenye hisa, walikiri kwamba kuwapiga washindani kwa bei au kuwanunua wote ni njia zinazoelekea hasarani, na kwamba faida ya kudumu hutoka katika kupanga vyema kazi ya ndani, katika ununuzi wa mali ghafi na ubora wa kinachouzwa. Ningependa kila mwenye kiwanda airudie taarifa hiyo kabla ya kwenda kutafuta wa kumnunua.

Neema ya miaka ya 1920 ilileta wimbi lingine. Kampuni ya Postum ilinunua Jell-O mwaka 1925, ikanunua kahawa ya Maxwell House mwaka 1928, na mwaka 1929 ikashirikiana na wenye fedha wa New York kununua ufundi wa Clarence Birdseye wa kugandisha vyakula kwa dola milioni 22, ikajibadilisha jina kuwa General Foods. Kisha Oktoba ya mwaka huo huo soko la hisa likaporomoka. Unilever nayo, kampuni ya Waingereza na Waholanzi, ilizaliwa kwa mapatano ya Septemba 1929. Kampuni hizo mbili ziliuvuka mdororo kwa sababu vitu zilivyovipata vilikuwa na kazi katika jikoni za watu, na hilo ni la kukumbuka: bei ya kileleni huumiza, lakini kitu chenye manufaa ya kweli humpa mwenyewe muda wa kupona.

Wimbi la miaka ya 1980 lilikuwa la madeni. Mwaka 1988 wanunuzi waligombania RJR Nabisco, kampuni ya sigara na biskuti, hata kampuni ya uwekezaji ya KKR ikaipata kwa dola 109 kwa hisa, jumla ya takriban dola bilioni 25, sehemu kubwa zikiwa fedha za kukopa. Deni la kiasi hicho halisubiri. Mara baada ya muamala kufungwa, vipande vikaanza kuuzwa, na mwaka 1989 kampuni ya Kifaransa BSN, ambayo baadaye iliitwa Danone, ikachukua biashara za biskuti za Nabisco katika Ulaya kwa dola bilioni 2.5. Mwaka 2007, neema ikiwa ukingoni, Danone ikaiuza biashara yake ya biskuti kwa Kraft kwa euro bilioni 5.3, na mwaka 2014 ikanunua asilimia 40 ya Brookside, kampuni ya maziwa ya Kenya. Msomaji wa Nairobi au Arusha asidhani, basi, kwamba mambo ya New York na Paris ni ya ghaibu yasiyomhusu. Mali inayoachiliwa huko kwa sababu ya deni au kwa mabadiliko ya shauri huja kugusa bei ya maziwa yake.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Kimbo. Mwaka 2000, hisa zikiwa kileleni, Unilever ilikubali kuinunua Bestfoods ya Marekani kwa dola bilioni 20.3 ghairi ya madeni, na wakati huo huo ilikuwa na mpango wa kupunguza chapa zake kutoka takriban 1,600 hadi 400, ili nguvu zote zielekezwe kwa zile kubwa za dunia. Kimbo na Cowboy, mafuta ya kupikia yaliyokuwa katika jikoni za Kenya tangu enzi za wazazi wetu, hayakuwa makubwa kwa vipimo vya London na Rotterdam. Uchumi wa Kenya nao ulikuwa umezorota katika miaka hiyo. Mwaka 2002 chapa hizo zikauzwa kwa Bidco, kampuni iliyoanzia Nyeri na kuweka kiwanda chake cha mafuta Thika. Mkubwa aliyenunua wakati wa neema alikuwa akipanga upya nyumba yake, na mdogo aliyekuwa tayari akachukua jina ambalo kulijenga upya kungemgharimu miaka isiyohesabika. Nafasi ya namna hii huwajia waliojiandaa wakati wengine wanasherehekea.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, na nianze na hesabu, kwa kuwa ndiko watu wengi wanakoumia.

Muuzaji atakuonyesha mwaka wake mzuri. Tuseme kinu cha unga wa ngano kilipata faida, katika miaka mitano mfululizo, ya shilingi milioni 500, 620, 900, 310 na 470. Akikutajia bei kwa kuushika mwaka wa milioni 900, na desturi ya soko ikiwa ni kulipa mara saba ya faida ya mwaka, atadai milioni 6,300. Walakini jumla ya miaka mitano ni milioni 2,800, na wastani wake ni milioni 560. Mara saba ya hiyo ni milioni 3,920. Tofauti ya milioni 2,380 ni bei ya kilele, nawe ukiilipa umenunua hali ya hewa pamoja na kinu. Tena ukikopa milioni 4,000 kwa riba ya asilimia 15, riba peke yake ni milioni 600 kwa mwaka, nayo imekwisha kuzidi faida ya wastani kabla hujarudisha senti moja ya mkopo wala kubadili rola moja ya kusagia. Fanya hesabu hii kwa mkono wako, usimwachie wakala ambaye ujira wake hutegemea muamala kufanyika.

Usiridhike na wastani tu. Ingia ghalani. Katika biashara ya nafaka kuna faida ya kinu na kuna faida ya ghala, na mizania huzichanganya. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya ngano duniani iliruka mwezi wa Machi hata ikavunja rekodi, na yeyote aliyekuwa na silo zilizojaa ngano ya bei ya zamani aliuza unga kwa bei mpya, akaonekana katika vitabu kuwa hodari kuliko alivyo. Chukua leja ya ununuzi, uandike tarehe na bei ya kila shehena. Chukua leja ya mauzo, uandike tarehe na bei ya kila kundi la mifuko. Kisha uliza: lau ngano hii ingenunuliwa kwa bei ya siku unga ulipouzwa, kila mfuko wa kilo 50 ungebakiza shilingi ngapi? Jibu hilo ndilo faida ya kinu. Iliyozidi ni bahati ya wakati, na bahati hailipiwi mara saba. Tazama kadhalika tani zilizopita kwenye mitambo, kwani mapato yanaweza kupanda ilhali tani zinashuka, bei zikiwa ndizo zilizobeba mzigo. Baada ya mfumuko wa bei wa 2022, kampuni nyingi kubwa za vyakula zilijikuta hapo hapo; wateja walichoka kupandishiwa bei, kukua kukasimama, na kununuana kukaanza tena kupendeza. Agosti 2024 Mars ilitangaza kuinunua Kellanova kwa dola bilioni 35.9. Ukiona kampuni haiwezi tena kukua kwa kuuza tani zaidi, tambua kwamba mwenye fedha atatafuta kukua kwa kununua.

Namna ya kulipa nayo ina wakati wake, na hapa kisa cha Kraft ya Marekani na Cadbury, kampuni ya chokoleti ya Uingereza, kina mafunzo kwa mnunuzi na kwa muuzaji. Kraft ilianza kuitaka Cadbury Septemba 2009, dunia ikiwa bado taabani kwa msukosuko wa fedha, ikatoa bei ya pensi 745 kwa hisa. Ilipokubaliwa Januari 2010 bei ilikuwa imefika pensi 840. Ili kupata fedha taslimu Kraft iliiuzia Nestlé biashara yake ya piza za kugandishwa kwa dola bilioni 3.7, na iliyobaki ikataka kulipa kwa fedha za kukopa na kwa hisa zake. Warren Buffett, ambaye kampuni yake ilikuwa na hisa nyingi kuliko wote katika Kraft, alipinga hadharani utoaji wa hisa mpya, kwa hoja kwamba hisa za Kraft wakati huo zilikuwa chini ya thamani yake, na alipaye kwa hisa za bei rahisi hugawa mali yake bure. Shika kanuni hiyo kwa pande zote mbili. Hisa zako zikiwa juu kupita kiasi, ni sarafu nzuri ya kununulia; zikiwa chini, lipa taslimu au acha. Nawe muuzaji, ukipewa hisa wakati wa kilele, jua kwamba umepewa kitu ambacho kesho kinaweza kupungua, basi dai sehemu kubwa ya fedha taslimu, au dai kipimo kitakachoongeza idadi ya hisa iwapo bei itaanguka kabla ya kufunga muamala.

Linganisha na Mars ilipoichukua Wrigley. Walipatana Aprili 2008 kwa dola bilioni 23, na Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka, mikopo duniani ikaganda. Hata hivyo muamala ulifungwa mapema Oktoba, kwa sababu fedha zilikuwa zimeandaliwa tangu mwanzo na watu wenye uwezo, Buffett akiwa mmoja wao. Kampuni ya Buffett hiyo hiyo iliungana na wenziwe wa kampuni ya uwekezaji ya 3G kuinunua Heinz mwaka 2013 na kuiunga na Kraft mwaka 2015, riba zikiwa chini kabisa na bei ya kampuni za chakula ikiwa juu. Walikata gharama kwa ukali, na kwa muda faida ilipendeza. Lakini Februari 2019 Kraft Heinz ilitangaza kupunguza vitabuni thamani ya mali zake kwa dola bilioni 15.4, gawio likashushwa kutoka senti 62.5 hadi senti 40 kwa robo mwaka, naye Buffett akasema wazi kwamba waliilipia Kraft kupita kiasi. Mtu yule yule, akili ile ile, na wakati tofauti. Mimi hulichukua hilo kuwa onyo kubwa kuliko yote, maana ikiwa riba ya chini iliweza kumfumba macho mtu wa uzoefu huo, itatufumba na sisi.

Je, dalili za wakati ni zipi? Fuatilia riba ya Benki Kuu, maana mabenki hufuata nyuma yake. Benki Kuu ya Kenya, kwa mfano, iliipandisha yake hadi asilimia 13 Februari 2024, kisha kuanzia Agosti ya mwaka huo ikaanza kuishusha, na kila inaposhuka wanunuzi hupata pumzi. Tazama bei za hisa za kampuni za vyakula Nairobi na Dar es Salaam, si kwa siku moja bali kwa miezi. Sikiliza kadhalika nani anayenunua: ukiona watu ambao hawajawahi kushika punje ya ngano wanashindania vinu, na bei inatajwa kwa mara kumi na mbili ya faida mahali ilipokuwa mara sita, kilele hakiko mbali. Na ukiwa mnunuzi wakati wa mdororo, usidanganyike na urahisi wa bei peke yake. Uliza kwanza kama jirani za kiwanda hicho nao wanaumwa. Wote wakiumwa, ugonjwa ni wa wakati, na utapona nao. Akiumwa yeye peke yake, ugonjwa ni wake, nawe utaununua pamoja na mitambo.

Liko jambo ambalo mahesabu hayalionyeshi, nami siwezi kulipita kimya. Muungano wa viwanda vya chakula una watu wa pande mbili wasioitwa mezani: wafanyakazi, na wakulima. Kraft ilipokuwa ikiitaka Cadbury ilisema inaamini itaweza kukiendeleza kiwanda cha Somerdale, karibu na Bristol, kilichokuwa kimepangiwa kufungwa; mara baada ya kuipata kampuni ikatangaza kwamba kitafungwa, na mamlaka ya Uingereza inayosimamia ununuzi wa kampuni ikaikaripia hadharani. Maneno ya wakati wa posa hayashiki pasipo maandishi. Ukiuza, na watu wako wana miaka ishirini kwenye zamu, andika katika akdi idadi ya ajira, muda wake, na fidia itakayolipwa ikivunjwa. Kwa maziwa na mbegu za mafuta jambo ni zito zaidi. Mfugaji anayesimama kandokando ya barabara alfajiri na dumu lake la lita 20 alikuwa na malori mawili ya kuchagua. Baada ya muungano ana moja, maziwa hayangoji mchana, na bei anapewa. Mdororo ukija, huyo ndiye wa kwanza kubanwa, kwa kuwa ndiye asiye na pa kwenda. Mnunuzi mwenye busara humwekea kanuni ya bei inayojulikana, maana mfugaji akikata tamaa akauza ng'ombe, kiwanda kilichonunuliwa kwa mabilioni hubaki na mitambo mikavu.

Mwisho kuna sheria, nayo inagusa wakati kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza muungano utakaojenga au kuimarisha utawala wa soko, na aliye na sehemu kubwa ya soko anaweza kuhesabiwa kuwa mtawala. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2010, na mamlaka yake ina siku 60 za kuamua, nazo zinaweza kuongezwa. Muungano unaohitaji idhini ukifanywa bila ya idhini hiyo ni batili. Kwa biashara inayovuka mipaka, jumuiya ya soko la pamoja ya COMESA ina tume yake ya ushindani Lilongwe, iliyoanza kazi mwaka 2013, ingawa Tanzania imo nje ya jumuiya hiyo tangu 2000. Kwa hiyo baina ya kupeana mikono na kulipana hupita miezi, na katika miezi hiyo ngano inaweza kupanda, shilingi ikashuka, benki ikabadili nia. Mwambie wakili wako aandike mambo matatu: kwamba bei itarekebishwa kulingana na akiba ya ghalani na madeni yatakayokuwapo siku ya kufunga, yakihesabiwa na mkaguzi aliyekubaliwa na pande zote, kwamba ahadi ya mkopo wa mnunuzi ni ya maandishi na haimalizi muda wake kabla ya idhini, na kwamba tarehe fulani ikipita bila ya idhini, kila mmoja ana haki ya kurudi kwake bila ya kudaiwa, na vitabu vya hesabu vilivyoonyeshwa vikarudishwa kwa mwenyewe.